Mlango wa Klani: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya yanawahusu viongozi wa klani za Clash of Clans, hasa zile za Waswahili zinazoanzishwa kwa vishindo mwezi huu na kubaki na watu wanne mwezi ujao. Gemu hili la kampuni ya Supercell ya Helsinki lipo tangu mwaka 2012. Taratibu zake zinajulikana. Hata hivyo klani zinaendelea kufa kwa sababu ile ile: hakuna anayekaa mlangoni. Kushindwa vita hakuui klani. Kinachoiua ni mgeni aliyeingia Jumatatu, hakusalimiwa na mtu, akaomba askari hakupewa, akaondoka Jumatano na hakuna aliyegundua. Kisha wa pili akafanyiwa hivyo hivyo, na wa tatu. Asiyetaka kazi ya mlangoni asijenge klani. Ajiunge na ya mwenzake. Dhahabu 40,000 za kuifungua ndiyo gharama ndogo kuliko zote.

KABLA YA KUMKUBALI

Usiache mlango wazi. Mipangilio inakupa njia tatu: aingie yeyote, aombe kwanza, au pafungwe kabisa. Shika ya pili. Klani iliyo wazi hujaa usiku mmoja watu wa kupita njia, wanaoingia, wakaomba askari, wakapokea, wakatoka. Viongozi wengi huuacha wazi kwa hofu ya kuonekana wana klani ndogo. Hofu hiyo haina msingi. Nafasi ni 50, lakini vita vinaanzia watu watano kwa watano. Gemu lenyewe halijakudai ujae. Watu kumi na wanane wanaoshambulia ni klani. Watu hamsini ambao nusu yao hawajaonekana tangu mwezi uliopita ni orodha ya majina.

Weka kiwango cha jumba kuu na ukiheshimu. Ukiandika kumi na moja, basi ni kumi na moja hata kwa binamu yako. Kama lazima binamu aingie na jumba lake la saba, shusha kiwango kwa watu wote na utangaze. Wanachama wanavumilia sheria ngumu. Hawavumilii sheria yenye ndugu.

Usiandike "klani bora Afrika Mashariki" kwenye maelezo. Kila klani imeandika hivyo. Andika mnapigana vita mara ngapi kwa wiki, nani anatakiwa kushambulia, na mnaongea lugha gani. Kama hampigani vita, sema hampigani. Wapo watu wanaotafuta klani ya kupumzikia baada ya kazi, na watakushukuru kwa ukweli.

Soma wasifu kabla ya kubonyeza. Hapa ndipo uvivu wa viongozi unapoonekana. Ombi limefika, mtu ana jumba kuu la kumi na nne, kidole kinakimbilia kukubali. Subiri. Wasifu wake unaonyesha idadi ya askari aliowahi kuchangia wenzake tangu aanze kucheza, na nyota alizowahi kuleta vitani. Mtu wa jumba la kumi na nne aliyechangia askari mia mbili maisha yake yote hahitaji kuulizwa kama ni mkarimu. Tazama pia kijiji chenyewe. Kama jumba limekimbizwa juu huku mizinga na kuta zimeachwa chini, usimkatae kwa hilo peke yake, maana wengi walifanya hivyo utotoni mwa gemu na sasa wanajenga upya kwa subira. Muulize tu anakusudia kufanya nini.

Uliza maswali mawili, si kumi. Umetoka klani gani? Kwa nini umeondoka? Yanatosha. Anayewalaani wote aliowahi kukaa nao, klani nne mfululizo, siku moja atakuwa mlangoni kwa mtu mwingine akiwalaani ninyi. Na anayejibu kwa neno moja si lazima awe na kiburi. Huenda yuko kwenye daladala.

Usidai ada ya kiingilio. Hakuna mjadala.

Usimwombe mgeni kitambulisho, wala picha yake, wala namba ya simu kama sharti la kuingia. Wapo viongozi wanaodai picha ya kitambulisho "ili tujue wewe ni mtu mzima". Utaitunza wapi picha hiyo? Nani mwingine ataiona? Kenya imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022. Hukuanzisha ofisi ya uhamiaji, umeanzisha klani.

Mwambie siku ya kwanza kwamba hakuna kiongozi atakayemwomba msimbo. Akaunti ya Supercell ID hufunguliwa kwa barua pepe na msimbo wa tarakimu sita unaotumwa kwenye barua pepe hiyo. Anayeupata msimbo ameipata akaunti. Atakuja mtu akijifanya kiongozi mwenza, atamwambia mgeni "nitumie huo msimbo nikusaidie kukuza kijiji". Katika nchi ambazo kila mwenye simu ameshaletewa ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", jambo hili lisingehitaji kuelezwa, lakini watu wanaotambua utapeli wa pesa mara moja wanaukubali utapeli wa gemu bila kupepesa macho.

SIKU ZA KWANZA

Msalimie kwa jina lake, na usiishie kwenye "karibu". Karibu wapi? Mwambie vita vijavyo vinaanza lini, askari wa aina gani mnapenda kuombana, na nani wa kumuuliza akikwama. Sentensi tatu. Kama huwezi kuziandika kwa kila anayeingia, ziandike mara moja, zihifadhi kwenye simu, uzinakili.

Mpe mwenyeji mmoja mwenye jina. "Muulize yeyote" maana yake usimuulize mtu. Mteue mwanachama mmoja na umwambie mbele ya wote kwamba huyu mgeni ni wako wiki hii. Mwenyeji si lazima awe mchezaji hodari. Awe anaingia kila siku na asiyechoka kujibu swali lile lile. Kwa kweli mabingwa ni wenyeji wabaya, kwa sababu wamesahau ni lini walikuwa hawajui.

Anayetaka kuona jambo hili likifanywa kwa ukubwa aitazame EVE University, chama ndani ya EVE Online, gemu la vyombo vya anga kutoka Iceland. Tangu mwaka 2004 watu wa chama hicho wameufanya ufundishaji wa wageni kuwa kazi yenyewe, kwa madarasa, wakufunzi na safari za mafunzo. Gemu lile ni gumu kuliko letu mara nyingi, wageni wengi hulikimbia mapema, na waliofikiria kuwafundisha badala ya kuwacheka wamedumu. Klani ya watu thelathini haihitaji chuo. Inahitaji mwenyeji mmoja.

Mpe askari kabla hajaomba mara ya pili. Tangu mwaka 2022 kufundisha askari hakugharimu eliksa, kwa hiyo uchoyo hauna hata kisingizio.

Usimpeleke vitani siku aliyoingia. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walijua kuhesabu; viongozi wengi wa klani humpa jembe hajavua viatu. Halafu akipata nyota moja wanashangaa. Mpime kwanza kwa changamoto ya kirafiki, ambayo gemu linaitoa bure: anashambulia kijiji cha mwenzake wa klani, hakuna kinachopotea, na nyote mnaweza kutazama marudio. Mpe kijiji kigumu, kisha mpe kingine. Usitazame nyota. Tazama kama anabadilisha mpango baada ya kushindwa au anarudia kosa lile lile kwa hasira. Wa kwanza ni wako. Wa pili anahitaji mwenyeji mvumilivu sana.

Na kabla ya kumweka kwenye orodha ya vita, angalia ngao yake. Kila mchezaji anaweza kuonyesha kwa kijani kwamba yuko tayari kwa vita, au kwa nyekundu kwamba hayuko. Kumwingiza mwenye nyekundu, kisha kumlaumu kwa kutoshambulia, ni uonevu.

Usimtukane aliyekosa nyota. Chati ya klani ikijaa "we bwege" na "unatuangusha", wageni watafanya jambo moja tu: wataacha kushambulia, kwa sababu asiyeshambulia hatukanwi sana kama aliyeshambulia vibaya. Utakuwa umefundisha woga. Fungua marudio, onyesha ni sekunde gani mashine ya kubomoa kuta ilitumwa mahali pasipofaa, sema na umalize. Lawama moja, yenye sababu, kisha kimya.

Usimcheke kwa Kiswahili chake. Klani ya Waswahili ikikua itapata kijana wa Lubumbashi, mtu mzima wa Muscat aliyerithi lugha kwa bibi yake wa Unguja, mwanafunzi wa Nairobi asiyeweza kuandika mistari miwili bila Sheng, na mtoto wa Minneapolis anayeelewa kila kitu ila anaandika kwa shida. Mtu wa pwani anayejiona mwenye lugha ndiye huanza kusahihisha. Mzuie. Atakayesahihishwa mara mbili hataandika tena, na klani ambayo watu hawaandiki haiwezi kupanga vita.

Usimwambie msichana athibitishe kwamba ni msichana. Hakuna sauti, hakuna picha, hakuna "tuongee pembeni". Anayemsumbua atolewe siku hiyo hiyo, hata akiwa ndiye mshambuliaji wenu bora. Hasa akiwa ndiye.

Kumbuka kwamba watoto wamo. Masharti ya Supercell yanataja miaka 13, lakini wote tunajua simu ya baba huwa mikononi mwa nani saa za jioni. Mtu mzima asimwandikie mtoto faraghani. Na hapa niseme kuhusu grupu la WhatsApp, maana kila klani ya kwetu inalo: grupu hilo linaweka namba ya kila mtu mbele ya wenzake wote. Namba ya mtoto wa miaka kumi na minne haina kazi mbele ya watu wazima asiowajua. Liwe la hiari, liwe la watu wazima, na lisiwe ofisi.

Mambo ya klani yasemwe ndani ya klani. Viongozi wanatangaza vita WhatsApp, wanagawa vijiji vya kushambulia WhatsApp, halafu wanamfukuza mgeni ambaye "hakusoma maelekezo". Hayumo kwenye grupu! Gemu lina chati yake, na lina barua ya klani ambayo wewe na viongozi wenza mnaweza kumtumia kila mwanachama kwa mara moja. Vitumie. Maneno ya kule nje yawe ya kutaniana na mpira.

SAA NA BANDO

Usitaje saa ya ukutani. "Tushambulie saa mbili" ina maana moja Dar es Salaam, nyingine Muscat ambako wametangulia saa moja, nyingine Lubumbashi ambako wako nyuma saa moja, na mtoto wa Minneapolis atadhani ni saa nane usiku kwa hesabu yetu. Gemu linaonyesha saa zilizobaki, na kila mtu anaziona sawasawa. Sema "zikibaki saa sita".

Panga mwanzo ukifikiria mwisho. Matayarisho ya vita huchukua saa 23 na mapigano saa 24, jumla 47. Ukianzisha Ijumaa saa tatu usiku na mpinzani akapatikana papo hapo, mapigano yanakwisha Jumapili saa mbili usiku, wakati watu wengi wako nyumbani. Ukianzisha Ijumaa saa tano asubuhi, dakika za mwisho zitawakuta wengine kanisani. Mwezi wa Ramadhani sogeza mbele: vita vikiisha saa mbili usiku, Waislamu wako kwenye tarawehe. Mgeni ambaye dini yake imesahauliwa kwenye ratiba ameshajua nafasi yake katika klani hiyo.

Usiite kila kutoonekana utovu wa nidhamu. Umeme unakatika. Bando linaisha tarehe ishirini na tano na mshahara uko mbali. Kuna mitihani ya kidato cha nne, kuna misiba. Weka utaratibu wa kuaga: anayejua hatakuwepo aandike neno moja na kugeuza ngao iwe nyekundu. Asiyeaga aulizwe. Asiyejibu tutamfikia.

MADARAKA

Usimpe uzee anayeuomba. Kila klani inamjua: ana saa mbili tangu aingie na ameshaandika "nipe uzee nitakaa". Mzee anaweza kupokea wageni na kuwatoa wanachama wa kawaida. Mpe anayekufanyia kazi ya mlangoni bila cheo, vita vitatu au vinne mfululizo, na ambaye hajawahi kukuuliza cheo kitakuja lini.

Uongozi mwenza mpe mtu unayeweza kumwachia klani ukalala usingizi. Kiongozi mwenza hubadilisha mipangilio, huanzisha vita, huwatoa wazee na wanachama. Hawezi kukutoa wewe wala kiongozi mwenza mwingine, lakini kwa dakika chache za hasira anaweza kukuachia watu watatu. Hilo si jambo la kufikirika. Februari 2009, ndani ya EVE Online, muungano wa Band of Brothers ulikuwa miongoni mwa wenye nguvu kubwa kabisa, wenye maelfu ya wachezaji. Mkurugenzi mmoja aligeuka akahamia kwa maadui, Goonswarm, na kwa mamlaka ya halali kabisa aliyokuwa nayo akaufunga muungano. Hakuvunja mfumo wala kuiba nenosiri. Goonswarm wakalisajili jina lenyewe, ili wenye nalo wasilirudie. Maadui walikuwa wamepigana kwa miaka bila kufikia pale ambapo kibali cha mtu mmoja kiliwafikisha.

Kwa hiyo viongozi wenza wawe wawili au watatu, wasiwe kumi na wawili. Mmoja akiwa Ghuba na mwingine Ulaya ni vizuri, mtu atakuwepo macho. Undugu usiwe sifa. Wingi wa askari aliochangia usiwe sifa pekee, maana kuchangia kunapimwa kwa namba na busara haipimwi hivyo. Mtazame anavyomjibu mgeni mjinga saa nne usiku.

Tangaza kanuni ya medali za ziada kabla ligi haijaanza. Ligi ya Vita vya Klani, iliyoletwa Oktoba 2018, ina klani nane kwenye kundi, siku saba za mapigano, shambulio moja kwa siku. Mwisho wake kiongozi hugawa medali za ziada kwa wachache anaowachagua, na hapo ndipo urafiki huvunjika. Mgeni aliyeleta nyota kumi na nane akiona medali zimekwenda kwa marafiki zako wa zamani, anaondoka tarehe kumi na mbili na anaondoka na wawili. Andika: wenye nyota nyingi kwanza, wakilingana tunatazama asilimia, aliyekosa shambulio hapati. Ikiwa unataka kuwapa zamu wale wa chini, ni sawa pia. Ila iandikwe kabla.

KUMTOA MTU

Muulize, muonye mara moja, kisha mtoe. Kwa mpangilio huo.

Usimtoe katikati ya vita. Kijiji chake kinabaki kwenye ramani, maadui wataendelea kukishambulia, na mashambulizi yake ambayo hajatumia yanapotea asiporudi. Umejipunguza mwenyewe ili kuridhisha hasira. Subiri matokeo.

Andika sababu. Unapomtoa mtu gemu linakufungulia kisanduku cha ujumbe. Wengi wanakiacha tupu au wanaweka tusi. Andika "umekosa mashambulizi manne bila kuaga, ukipata nafasi karibu tena". Anayetolewa kwa sababu iliyo wazi anaweza kurudi akiwa mtu mwingine. Anayetolewa kimya anakwenda kusimulia.

Usimtoe mtu kwa utani. Mkongwe wa klani atacheka na kuomba kurudi. Mgeni aliyeona kitendo hicho hatajua kama ni utani, na hatasubiri kujua.

Tunza daftari la alama, si la majina. Jina hubadilishwa. Alama ya mchezaji, ile inayoanza na #, haibadiliki. Andika alama, tarehe, na sababu kwa maneno machache. Aliyewasumbua wasichana mwezi wa tatu atarudi mwezi wa saba akiitwa Simba wa Tarangire, na mzee mpya asiyemjua atampokea kwa furaha.

Aliyeaga kwa adabu apokelewe bila maswali. Watu huhama wafuate marafiki au klani yenye ligi ya juu zaidi. Si usaliti. Usimseme kwenye chati baada ya kuondoka. Waliobaki wanapima mtakavyowasema wao.

Usiuze klani. Supercell inakataza kuuza akaunti, na akaunti ya kiongozi ikiuzwa wanachama wote wanaamkia mikononi mwa mtu asiyewajua. Ukichoka, au ndoa, kazi na masomo vikikuzidi, usitoweke tu na kuacha watu wakibahatisha. Mpandishe mmoja wa viongozi wenza awe kiongozi mbele ya wote, mweleze wageni gani bado wana wenyeji na nani ameshaonywa, umkabidhi na daftari la alama.